Mfuko wa Sijui

1

Mwamini binti Kalunde alifika redioni Jumatatu saa nne asubuhi, viatu vyake mkononi. Wageni wengine huviacha kwenye ngazi, kwa sababu jengo letu lilikuwa madrasa kabla halijawa redio na watu wa Ujiji hawajaacha kuliheshimu. Yeye aliingia navyo hadi ofisini kwangu, kavibana pamoja nyayo kwa nyayo. Nilidhani anaogopa kuibiwa. Baadaye nilielewa kuwa siku hizo alikuwa anafukuzwa kila alipobisha hodi, na alishachoka kurudi kutafuta viatu.

"Wewe ndiye dada Radhia? Fundi wa Sauti?"

Nikamwambia ndiye mimi. Nilisema kwa majivuno, sitaficha. Miaka mitatu mizima hakuna aliyepita Ujiji bila kuambiwa kwamba Radhia Mrisho wa Redio Mishkati ndiye aliyemrudisha Sheikh Hemedi Lukanda masikioni mwa watu.

"Nimekuja kuomba ushahidi," akasema. "Kingine sitaki."

Nikampa kiti. Hakuegemea.

Mumewe anaitwa Sadiki, fundi wa boti za umeme pale Kibirizi. Miezi mitatu iliyopita Sadiki alishikwa na homa kali, akalala siku tano. Siku ya tatu, mchana, aliinuka kitandani macho mekundu, akamtazama mkewe aliyekuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji, akamwambia: nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha. Halafu akalala tena.

"Mimi nikatoka uani nikaminya kipuli," Mwamini akasema, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ndewe ya sikio la kulia, mahali ambapo nusu ya mji huvaa kile kidude chetu cha kuzungumza na Sauti. "Nikasema, Sheikh, mume wangu kaniambia nimekuacha mara tatu. Je, nimeachika?"

"Akasemaje?"

"Akasema ndiyo, binti yangu, hayo yamekwisha. Funga mizigo yako kwa heshima, usikae chini ya paa moja na mwanamume asiye wako. Akaniombea dua. Dada, aliniombea dua nzuri mno, nikalia."

Akamwomba jirani amwangalie mgonjwa, akachukua nguo zake, akaenda kwa shangazi yake Gungu. Siku mbili baadaye homa ikashuka. Sadiki hakukumbuka hata neno moja. Alichojua ni kwamba alizinduka ameachiwa jirani, mkewe kamkimbia akiwa hoi. Mwamini alipomweleza kwamba Sheikh ndiye aliyemwambia aondoke, Sadiki alikwenda kwa Bi. Zaina, mjane wa Sheikh, kuuliza. Bi. Zaina akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mumewe kwa miaka arobaini hakujibu suala la talaka redioni hata mara moja.

"Nikawa mwongo," Mwamini akasema. "Na siyo mwongo hivi hivi. Mwongo aliyemsingizia marehemu."

Kwa hasira Sadiki akaandika talaka moja mbele ya sheikh wa mtaa wao, akafunga nyumba, akapanda kivuko kwenda Kalemie kutengeneza boti za Wakongo. Hapokei simu. Eda ya Mwamini ilikuwa imebakiza siku sita kwa hesabu yake. Katika siku hizo sita, neno moja la Sadiki lingetosha kumrejesha. Zikipita, basi.

"Nyinyi mnazo kumbukumbu. Mpelekeeni asikie kwamba niliuliza, na nikajibiwa. Akishasikia, akinitaka anitake, asiponitaka nimeridhika. Ila asiniache kwa uongo ambao sikuusema."

Nilijua kumbukumbu zipo. Kila swali na kila jibu limefungwa kwenye hazina yetu kama amana, na funguo ninazo mimi na mkurugenzi. Nilijua pia kwamba alichonieleza hakiwezekani, kwa sababu kwenye tangazo letu tumeandika wazi: Sauti, kama Sheikh mwenyewe, haijibu masuala ya talaka. Kinywa changu kikawahi kuliko mimi.

"Pole sana, mdogo wangu. Kumbukumbu hufutwa baada ya siku arobaini."

Alinitazama kidogo, kisha akainama kuvaa viatu humo humo ofisini.

"Ahsante, dada. Mungu akulipe kwa kunisikiliza."

Angenitukana ningepata nafuu.

2

Baada ya Adhuhuri nilifunga mlango nikafungua hazina. Nilijiambia naenda kuthibitisha kwamba Mwamini kakosea. Nilimpata mara moja: tarehe, saa, ua wa nyumba, kuku wanasikika nyuma yake. Akauliza vile vile alivyonisimulia. Nusu sekunde ikapita, Sheikh Hemedi akaanza kumjibu.

Lazima nieleze jinsi Sauti ilivyotengenezwa, maana bila hilo hakuna atakayeelewa nilichofanya.

Mashine ya namna hii haina elimu yake yenyewe. Unailisha maneno ya mtu mmoja, mengi, mpaka ijue akisikia hili husema lile, akihuzunika hushusha wapi, akicheka hucheka vipi. Sisi tuliilisha saa elfu mbili za darsa za Sheikh, zile zilizorushwa redioni baina ya Alasiri na Maghrib. Bodi ya masheikh watano iliijaribu kwa maswali mia sita: tohara, funga, mirathi, zaka. Ilijibu yote sawasawa, kwa sauti yake, kwa mzaha wake. Mmoja wao alitoa machozi. Hakuna aliyeijaribu kwa suala la talaka, kwa sababu kila mtu alijua Sheikh hajibu talaka, na sisi tulimrudisha Sheikh.

Tatizo ni kwamba darsa zile zilikuwa zimepita mkononi mwangu kwanza.

Niliajiriwa Mishkati nikiwa na miaka ishirini na mbili, kazi yangu kukata. Darsa ya Sheikh, tuliyoirekodi nyumbani kwake, ilichukua saa moja na nusu. Kipindi kilikuwa dakika arobaini na tano. Na Sheikh Hemedi alikuwa mtu wa kunyamaza. Mtu akimuuliza jambo zito, anakaa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani. Siku moja alinyamaza dakika nne. Sasa mtambo wa redio una mlinzi wake: ukimya ukifika sekunde nane, mlinzi anajua kituo kimekufa, anaingiza kisomo cha Kurani mwenyewe mpaka fundi aje. Sikuwa na namna. Kila kimya nilikikata. Na mwisho wa kimya mara nyingi lilikuja jibu moja lile lile: "Sijui, wallahu aalam. Njoo baada ya Maghrib, uje na mwenzako." Hilo nalo nikalikata. Msikilizaji wa Buhigwe au Uvinza atafaidika nini na sijui? Nilisema hivyo kwenye kikao, na wote wakakubali.

Kwa hiyo Sheikh wa redioni hakuwahi kutojua. Katika saa elfu mbili hakuna hata swali moja alilolirudisha kwa muulizaji, wala mtu aliyemwambia amlete mwenzake. Mashine ilijifunza nilichoifundisha: swali likiisha, jibu linaanza. Ilipofika kwenye talaka haikujua kwamba hapa pana ukuta, kwa sababu ukuta niliubomoa mimi.

Sheikh mwenyewe angemuuliza Mwamini: mumeo alikuwa katika hali gani? Angesikia neno homa, angesema mwache apone kwanza, halafu njooni wote wawili. Mtu anayeweweseka kwa homa haachi mke. Hata mimi nalijua hilo.

Nikaiomba hazina inihesabie tu, bila kunifungulia siri za watu. Maswali ya kuachwa na kuacha, miaka mitatu: elfu moja mia tisa na kumi na mawili. Yaliyojibiwa "sijui": hakuna.

Kaseti zenyewe za asili zilichukuliwa na ziwa lilipopanda na kuingia stoo. Lakini vipande nilivyokata havikupotea, na sababu yake haihusiani na akili yangu. Sheikh alikuwa na mfuko wa khanga uliotundikwa msumarini darasani. Karatasi yoyote yenye jina la Mwenyezi Mungu, hata ikichanika, hakuna kuitupa; inaingia mfukoni, ikijaa inachomwa kwa adabu. Nilikulia humo darasani. Na kila kipande cha sijui nilichokata kilikuwa na wallahu aalam ndani yake. Kidole hakikuwahi kuniruhusu kubonyeza futa. Nilivirundika kwenye jalada moja, nikaliita Mfuko, nikalisahau.

Siku ile nililifungua. Saa sitini na moja za kimya na sijui. Nilisikiliza vipande kumi tu, nikavua spika za masikioni. Nilijiona mchafu.

3

Mkurugenzi wetu, Maalim Twaha, ni mtu mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Nilimweleza Jumanne asubuhi. Alisikiliza jibu alilopewa Mwamini mara mbili, akavua kofia, akaiweka mezani.

"Innalillahi," akasema. "Mimi ndiye niliyesaini lile tangazo."

"Tuizime Sauti leo, Maalim. Na tuwaambie watu."

"Kuizima tutaizima. Tutasema iko kwenye matengenezo. Wewe rudisha hivyo vipande, ilishe upya, ijifunze kusema sijui. Kuwaambia watu, hapana."

"Kwa nini?"

"Radhia, wewe umehesabu maswali. Mimi nahesabu nyumba." Alizungumza taratibu, bila hasira. "Hao elfu moja na mia tisa, wapo waliojibiwa sawasawa na wapo waliojibiwa ovyo. Tunawajua ni nani? Hatuwajui. Ukitangaza leo, wote watashtuka. Yupo mwanamke aliyeambiwa umeachika, akakaa eda, akaolewa na mwingine, sasa ana mimba ya miezi saba. Utamwambia nini? Kwamba huenda bado ni mke wa yule wa kwanza?"

"Kama ni mke wa yule wa kwanza, ni mke wake hata tukinyamaza."

"Anayekosea bila kujua, Mungu anamsamehe. Ukishamjulisha, umembebesha mzigo. Leo analala usingizi. Kesho hatalala, na mumewe hatalala, na mtoto atakua anasikia watu wananong'ona. Kwa ajili ya nini? Ili wewe roho yako itulie?"

Hapo alinigusa pabaya, maana sikuwa na hakika kama siyo kweli. Nilitaka kupumua. Mtu anayetaka kupumua si lazima awe na haki.

"Na sisi tunaojua, Maalim?"

Alinyamaza. Nilihesabu bila kukusudia, ni maradhi ya kazi: sekunde nane zilipita, zikapita nyingine.

"Yule binti nitamsaidia," akasema mwishowe. "Mumewe nitampigia mwenyewe."

Akapiga palepale, simu ikiwa wazi mezani. Sadiki alipokea kwa kuwa namba ilikuwa ya Maalim. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za karakana. Maalim akamwombea Mwamini, akamsihi arudishe moyo, ndoa ni jambo kubwa. Sadiki akamsikiliza mpaka mwisho.

"Maalim, nakuheshimu. Nikuulize kitu kimoja. Kwenye tangazo lenu mmeandika Sauti haijibu talaka. Ni kweli au si kweli?"

Maalim Twaha alinitazama. Nilimtazama.

"Ndivyo tangazo linavyosema," akajibu.

"Basi mke wangu kaniongopea nikiwa kitandani sijiwezi. Angesema tu kwamba nimemchosha, ningeelewa. Asalaam alaykum."

Simu ikakatika. Maalim akachukua kofia yake, akaigeuza geuza, hakuivaa.

4

Jumatano nilikwenda Gungu. Mwamini alikuwa anapanga samaki wa mgebuka juu ya wavu wa kukaushia, nywele kazifunga kilemba. Nilimwambia ukweli wote nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilihisi nikikaa nitatafuta maneno mazuri. Nilimwambia kumbukumbu ipo, nilimwambia nilimdanganya, nilimwambia ni mkasi wangu.

Hakunifukuza. Alinawa mikono kwa limau, akaikausha, akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Kwa hiyo siku ile aliyeniombea dua hakuwa Sheikh?"

"Hakuwa."

"Mimi ile dua ndiyo iliyonibeba miezi mitatu." Akaanza kulia, na mimi nikalia, na shangazi yake akatoka ndani kuuliza kulikoni, akatuona, akarudi. Mwishowe Mwamini akasema, "Itumie. Sauti yangu, swali langu, jina langu. Nimeshaitwa mwongo na mji mzima, sina kilichobaki cha kuficha."

Alhamisi nilikwenda kwa Bi. Zaina. Nyumba ya Sheikh iko Rusimbi, nayo imebaki vile vile, isipokuwa ukuta wa mawe waliojengewa kuzuia ziwa. Huyu bibi alinikatalia Sauti tangu siku ya kwanza. Tulipomletea kipuli chake cha heshima alikivaa nusu saa, akakivua, akasema, "Sauti ni yake. Mtu siye." Nilimcheka kichinichini. Nilidhani ni majonzi ya mjane.

Nilimweleza. Alipoelewa kwamba Mwamini hakusema uongo, mkono wake uliokuwa na tasbihi ukasimama.

"Mimi niliapa," akasema. "Yule kijana alikaa hapo hapo ulipokaa. Nikaapa kwa jina la Mungu."

"Uliapa juu ya mumeo, bibi, na ulisema kweli. Uongo ulikuwa wetu."

"Usinipake mafuta, mwanangu. Binti wa watu ameumia kwa kiapo changu."

Nikamwekea kipande kimoja. Nilikichagua bila mpango: mtu mmoja anauliza juu ya mkewe, hasikiki vizuri, halafu kimya. Mvua inanyesha juu ya bati. Kwa mbali chombo kinaanguka sakafuni, kinazunguka, kinatulia. Sheikh anakohoa kidogo. Bado kimya. Kisha: "Sijui, kaka yangu. Wallahu aalam. Njoo baada ya Maghrib, uje naye. Mke wangu atatupikia chai."

Bi. Zaina alikuwa ameshika mdomo.

"Hilo sufuria ni langu," akasema. "Lilinidondoka nikaona aibu, nikajua linasikika redioni. Akaniambia usijali, yule binti wa redio atalikata."

Nilikata, kweli. Nakumbuka hata kuchukia ile kelele.

"Unajua walikuwa wanakuja?" akaendelea. "Hao wa njoo na mwenzako. Wanakaa hapa ukumbini, mume kule, mke huku. Anawasikiliza. Wengine hata hawakuuliza tena lile swali, walikunywa chai wakaondoka pamoja. Ile ndiyo ilikuwa kazi yake, mwanangu. Ya redioni ilikuwa maneno tu." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Miaka sita amekufa na nyinyi mnamzungumzisha. Hamumwachi hata anyamaze."

Nikamweleza aliyosema Maalim Twaha kuhusu zile nyumba, kuhusu mimba ya miezi saba. Sikumficha kwamba naona ana hoja. Bi. Zaina akaanza tena kuzungusha tasbihi.

"Hoja anayo. Hata marehemu angekaa nayo siku tatu. Ila kuna jambo moja angekataa: hao watu kuendelea kudhani ni yeye aliyewajibu." Akainuka, akatafuta baibui yake. "Kesho baada ya Alasiri kipindi ni cha nani?"

"Kilikuwa cha Sauti, bibi. Tangu Jumanne tumeizima, hakina mtu."

"Basi nakuja. Mimi kiapo changu nitakitengua kwa mdomo wangu."

5

Ijumaa ilikuwa siku ya tano kati ya zile sita, ya mwisho ambayo Mwamini aliihesabu kwa uhakika. Aliketi kwenye benchi la nje ya studio, viatu kaviacha ngazini kama watu wengine. Bi. Zaina alikaa kiti cha mgeni mbele ya maikrofoni. Maalim Twaha alisimama mlangoni. Nilijua anaweza kunizuia kwa kuzima swichi moja ya ukutani, na alijua kwamba najua.

"Bi. Zaina," akasema, "umefikiria fitina itakayotokea?"

"Twaha, mimi nimekunawisha miguu ukija kusoma hapa na mafua yako. Kaa chini au uende nyumbani."

Alibaki amesimama. Kisha akavuta kiti cha tatu, akakaa, akaniambia pasipo kunitazama, "Ukitaja jina lako, taja na langu. Na waambie kuanzia kesho baada ya Alfajiri nitakuwa msikitini, na masheikh wote nitakaowapata. Waje. Ila Radhia, sijakubaliana nawe. Nakaa kwa sababu siwezi kuondoka."

Nilimzima mlinzi wa ukimya. Katika miaka kumi na minane nilikuwa sijawahi kumzima. Halafu nikarusha kipande cha sufuria.

Sekunde arobaini na moja. Ujiji, Kasulu, Uvinza, ng'ambo Kalemie, Uvira, kote watu walisikia mvua ya zamani juu ya bati na mtu anayefikiri. Simu zilianza kuwaka kabla hata Sheikh hajakohoa, watu wakidhani tumeharibika. Kisha akasema sijui yake, na chai ya mkewe.

Nikafungua maikrofoni. Nilisema jina langu na la Maalim. Nilisema nilikata nini, kwa muda gani, na kwa nini. Nilisema kwamba kwa miaka mitatu mtu yeyote aliyeuliza suala la talaka amejibiwa na mashine isiyojua kutojua. Nikarusha swali la Mwamini, na kuku wake, na lile jibu tamu. Niliposikia "funga mizigo yako kwa heshima" mbele ya mjane wa mtu huyo niliona haya kiasi cha kutaka kutambaa chini ya meza.

"Hili jibu si la Sheikh Hemedi," nikasema. "Ni langu. Yeye angeuliza mumeo ana hali gani."

Bi. Zaina akasogea. Akatengua kiapo chake kwa maneno machache, akamwomba Mwamini radhi kwa jina lake na la baba yake. Nje ya kioo Mwamini alikuwa amefunika uso.

Simu ya kwanza niliyoipokea ilitoka ng'ambo. Nilizitambua kelele za karakana.

"Mimi ni Sadiki," akasema, akakwama. Nilimwacha akwame. "Yule ni mke wangu yule? Yupo hapo?"

"Yupo nje ya kioo. Anakusikia."

"Mwamini," akasema. "Mimi nilijua umenikimbia. Nilijua... Aa. Nimekurejea, Mwamini. Maalim, shuhudia. Nimemrejea mke wangu."

"Nimeshuhudia," Maalim Twaha akasema.

"Na mimi nimekusikia," Bi. Zaina akasema. "Sasa panda kivuko uje umwambie usoni, usitutoe machozi hapa redioni."

Mwamini alikuwa ameshainuka kutoka kwenye benchi. Alicheka na kulia kwa pamoja, akatoka mbio nje, na nadhani aliviacha viatu tena. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa. Nilijiona mtu mwema, nikasahau kwamba nilikuwa nimerudisha tu kitu nilichokivunja mwenyewe. Maalim aliniinamishia kichwa. Nikapokea simu ya pili.

"Asalaam alaykum, dada." Sauti ya mwanamke, ya chini, anayezungumza ili asisikike chumba cha pili. "Jina sitalitaja. Mimi niliuliza mwaka juzi. Mume wangu alikuwa amepigwa kichwa, ajali ya pikipiki, akawa anasema maneno. Sauti ikaniambia nimeachika. Nikakaa eda yangu yote. Nimeolewa, dada. Huyu wa sasa ni mtu mwema sana. Na yule wa kwanza amepona, anakaa mtaa wa pili, kila siku ananisalimia."

"Ndiyo, dada."

"Nina mtoto wa miezi mitano. Niambie. Mimi ni mke wa nani?"

Maalim Twaha alifumba macho. Vipuli vya watu tulivizima tangu Jumanne, lakini mashine yenyewe ya Sauti ilikuwa bado mezani pembeni yangu, taa yake imewaka kijani. Ilikuwa imesikia swali na jibu lilikuwa tayari, la upole, lenye dua mwishoni, kwa sauti ambayo mwanamke yule aliipenda. Ningebonyeza tu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, nami sitadai kwamba hakikutaka.

Nikachomoa waya wake.

"Sijui," nikasema. "Sijui, dada yangu. Njoo, na wao waje, wote wawili. Tutakaa. Usikate simu."

Hakukata. Hakusema kitu pia. Nyuma yake mtoto alianza kulia, na mtu mwingine, mwanamume, akauliza unazungumza na nani. Bi. Zaina alinishika mkono. Nilihesabu mpaka nane, zikapita, nikaacha kuhesabu.